Drafti ya AFL: usawa wa klabu unalipiwa na nani?

Novemba 2021, kwenye drafti, yaani usiku wa klabu kuchagua vijana kwa zamu, ya AFL, ligi kuu ya kandanda ya Australia, ambayo si soka, majina matano ya kwanza yaliitwa kwa mpangilio huu: Jason Horne-Francis akaenda North Melbourne, Sam Darcy Western Bulldogs, Finn Callaghan Greater Western Sydney, Nick Daicos Collingwood na Mac Andrew Gold Coast. Darcy na Daicos walishajua wanakokwenda, kwa sababu baba zao walichezea klabu hizohizo. Wale wengine watatu walipangiwa mwajiri. Horne-Francis alitoka Australia Kusini akapelekwa Melbourne. Callaghan na Andrew walitoka Victoria, mmoja akapelekwa Sydney na mwingine Queensland.

Swali linalozuka kila mwaka ni kama ni haki kijana wa miaka 18 kupangiwa mji na mwajiri. Wanaoitetea drafti husema bila hiyo ligi ingebaki mali ya klabu chache tajiri. Wanaoipinga husema hakuna kazi nyingine Australia ambayo mhitimu huambiwa aende Perth, magharibi kabisa mwa nchi, la sivyo aache taaluma yake. Kwa maoni yangu drafti yenyewe inatetewa kwa hoja zenye nguvu. Kisichoteteeka ni urefu wa kifungo kinachofuata, pamoja na milango ya pembeni ambayo wengine wanaipata na wengine hawaipati.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, maelezo mafupi. Wachezaji 18 kwa 18 huwa uwanjani, na uwanja ni wa duaradufu wenye urefu wa mita 135 hadi 185. Mchezo una robo nne za dakika 20, lakini muda uliopotea ukifidiwa kila robo hukaribia dakika 30. Mpira una umbo la yai. Hupigwa teke, au hushikwa kwa mkono mmoja na kupigwa ngumi kwa mwingine; kuutupa ni kosa. Anayekimbia nao sharti audundishe au auguse chini kila mita 15. Anayedaka hewani mpira uliopigwa teke kwa mita 15 au zaidi hupewa nafasi ya kupiga bila kuguswa. Kati ya milingoti miwili mirefu ni pointi 6, pembeni yake ni 1. Hakuna kuotea, kwa hiyo mtu hugongwa kutoka pande zote. Kiungo hukimbia kilomita 12 hadi 15 katika mechi moja.

Anayetaka kuingia sharti atimize miaka 18 kabla ya Desemba 31 ya mwaka wa drafti. Walioalikwa hupimwa mbio za mita 20, wepesi wa kukata kona, kuruka kwa kusimama na kwa kukimbia, na mbio za kilomita 2, ambazo walio bora humaliza kwa karibu dakika 6. Kisha klabu huchagua kwa zamu, ya mwisho kwenye msimamo ikianza na bingwa akimalizia. Zamu hizo ndizo sarafu ya soko. Hakuna ada ya uhamisho kama kwenye soka. Klabu haiwezi kumnunua mchezaji kwa fedha, inatoa mchezaji mwingine au inatoa zamu yake ya kuchagua, ya mwaka huu au ya mwaka ujao. Mshahara wa mkataba wa kwanza umepangwa kwenye makubaliano kati ya ligi na chama cha wachezaji, kwa hiyo kijana hana la kujadiliana. Mkataba huo kwa miaka mingi ulikuwa wa miaka 2. Sasa wanaochukuliwa raundi ya kwanza husaini miaka 3.

Utetezi wa mfumo huu unaanza na ramani. Kati ya klabu 18, kumi ziko Victoria, na tisa kati ya hizo ziko Melbourne. Sydney na Queensland ni himaya ya ragbi. Kila kijana akiachiwa achague, wengi watabaki Melbourne, Adelaide au Perth walikozaliwa, na Gold Coast au Greater Western Sydney hazitapata kikosi cha kushindana hata zikilipa vizuri. Na kulipa vizuri kwenyewe kuna mpaka: kila klabu ina kikomo cha mishahara, kwa sasa zaidi ya dola milioni 15 za Australia kwa mwaka kwa kikosi kizima. Kikomo kilikuja miaka ya 1980 na drafti ikaanza 1986, wakati klabu kadhaa zilikuwa hoi kifedha. Vitu hivi viwili hufanya kazi pamoja. Kikomo bila drafti kingeacha vijana wakafuate jina kubwa na ahadi za nje ya mkataba. Drafti bila kikomo ingewalea vijana klabu ndogo, halafu tajiri angewachukua wakikomaa.

Matunda yapo. Western Bulldogs, klabu ya mitaa ya wafanyakazi magharibi mwa Melbourne, ilichukua ubingwa 2016 baada ya kusubiri tangu 1954. Richmond ilichukua 2017, mara ya kwanza tangu 1980. Melbourne ilichukua 2021, mara ya kwanza tangu 1964. Ligi ambayo mashabiki wa timu ya mkiani wana sababu ya kulipia tiketi za msimu mzima ndiyo ligi inayouza haki za televisheni kwa bei kubwa, na fedha hizo ndizo zinazomlipa mchezaji. Katika makubaliano ya 2023 hadi 2027, wastani wa mshahara kwa wanaume umepangwa kufika takriban dola 519,000 ifikapo 2027. Anayesema drafti inamnyonya mchezaji anapaswa kujibu hesabu hiyo.

Lakini watetezi huzidisha. Drafti inatoa nafasi, haitoi uongozi. Carlton ilichagua wa kwanza miaka mitatu mfululizo: Marc Murphy 2005, Bryce Gibbs 2006, Matthew Kreuzer 2007. Wote watatu wamestaafu bila medali ya ubingwa, na kombe la mwisho la Carlton bado ni la 1995. Kwa upande mwingine, Matt Priddis alipitwa na klabu zote mara kadhaa, akaingia West Coast kupitia orodha ya chini ya wanagenzi, akashinda medali ya Brownlow ya mchezaji bora 2014. Tena kuipa klabu ya mwisho zawadi kubwa kunaleta kishawishi cha kufungwa. Ligi iliichunguza Melbourne kuhusu msimu wa 2009, na 2013 ikaitoza faini ya dola 500,000 kwa mwenendo wa baadhi ya viongozi wake, ingawa ilisema haikuthibitika kwamba klabu ilipoteza mechi kwa makusudi.

Sasa upande wa kijana. Kisheria, kumzuia mtu kufanya kazi anakotaka si jambo dogo Australia. Mwaka 1983 Silvio Foschini alikataa kuhamia Sydney pamoja na klabu yake ya South Melbourne, akashtaki, na Mahakama Kuu ya Victoria ikasema kanuni za uhamisho za wakati huo zilibana isivyo halali haki ya mtu kufanya kazi. Mwaka 1991 mahakama ya shirikisho iliifuta drafti ya ligi ya ragbi ya New South Wales kwa hoja ya aina hiyohiyo. Drafti ya AFL haijawahi kufutwa, na mhimili wake mkubwa ni kwamba chama cha wachezaji kimeikubali kwenye meza ya mazungumzo. Hapo pana jambo la kuangalia vizuri: waliokubali ni wachezaji ambao tayari wako ndani. Anayefungwa na makubaliano hayo ni mwanafunzi wa sekondari ambaye bado si mwanachama.

Na hana pa kukimbilia. Mcheza soka asiyetaka klabu ya kwao ana nchi nyingine za kujaribu. Kandanda ya Australia inalipa mshahara wa kuishi mahali pamoja tu duniani. Ligi za majimbo za Victoria, Australia Kusini na Australia Magharibi hulipa kiasi ambacho mchezaji lazima awe na kazi nyingine ya mchana. Kuikataa drafti ni kuikataa taaluma.

Kinachosahaulika na wakosoaji ni kwamba kwa vitendo mchezaji ana nguvu kuliko kanuni zinavyoonyesha. Mpaka sasa hawezi kupelekwa klabu nyingine bila ridhaa yake, hata klabu ikitaka namna gani. Na mkataba ukikaribia kwisha anaweza kutaja klabu anayoitaka. Klabu yake ikikatalia, anaweza kujitosa tena kwenye drafti, nayo ikabaki mikono mitupu. Luke Ball alifanya hivyo 2009: mazungumzo ya kumtoa St Kilda kwenda Collingwood yalivunjika, akaingia drafti, Collingwood ikamchukua, na mwaka uliofuata akavaa medali ya ubingwa. Klabu zinajua hilo, ndiyo maana nyingi huishia kukubali mabadilishano.

Horne-Francis ni mfano mzuri. Baada ya msimu mmoja North Melbourne aliomba kurudi nyumbani, na mwisho wa 2022 akatua Port Adelaide. Mashabiki walimzomea kila alipogusa mpira. Lakini tazama hesabu. North Melbourne ilipata nafasi za juu za drafti iliyofuata, ikawachukua Harry Sheezel na George Wardlaw, na Sheezel akawa chipukizi bora wa 2023. Kijana akarudi kwao na klabu haikutoka bure. Aliyeathirika ni nani hasa? Ukimtazama pia Harley Reid, mtoto wa mji mdogo wa Tongala kaskazini mwa Victoria aliyechaguliwa wa kwanza na West Coast ya Perth 2023, utaona upande wa pili: kila wiki magazeti ya Melbourne yaliandika kwamba atarudi, naye 2025 akaongeza mkataba wa kubaki hukohuko. Klabu ikimlea kijana vizuri, ikampa familia ya kukaa nayo mwaka wa kwanza, mtu wa kumsimamia masomo na nauli ya wazazi kuja kumwona, umbali unavumilika.

Isipomlea, kijana amenaswa. Héritier Lumumba, aliyezaliwa Brazil na baba mwenye asili ya Kongo, aliingia Collingwood kupitia orodha ya wanagenzi, akawa bingwa 2010, kisha akasema hadharani kwamba alivumilia ubaguzi wa rangi ndani ya klabu kwa miaka. Ripoti iliyoagizwa na klabu yenyewe, iliyotoka 2021, ilikuta ubaguzi wa kimfumo. Mchezaji wa miaka 18 hawezi kukagua tabia za chumba cha kubadilishia nguo kabla ya kusaini, kwa sababu hachagui chumba hicho.

Nirudi kwa Daicos na Andrew, nafasi ya 4 na ya 5 ya usiku uleule, maana hapo ndipo mfumo unapojionyesha wazi.

Kanuni ya baba na mwana inasema mtoto wa mtu aliyechezea klabu angalau mechi 100 anaweza kuchukuliwa na klabu hiyo, hata kama klabu nyingine imemtaja mapema. Kila nafasi ina thamani ya pointi. Kwa jedwali la 2021 nafasi ya 1 ilikuwa pointi 3,000 na ya 4 pointi 2,034. Gold Coast ilipomtaja Daicos kwenye nafasi ya 4, Collingwood ilitakiwa kulipa thamani hiyo ikipunguzwa asilimia 20, yaani pointi 1,627, na iliruhusiwa kuzikusanya kutoka nafasi za chini ilizokwisha kujilimbikizia. Klabu ikampata mmoja wa viungo bora wa kizazi chake, na 2023 alikuwemo kwenye kikosi kilichotwaa kombe.

Gold Coast ikahamia jina linalofuata, Mac Andrew. Alizaliwa Misri kwa wazazi kutoka Sudan Kusini, akakulia Victoria, na alilelewa na akademia ya klabu ya Melbourne, mpango ulioanzishwa kuwavuta vijana wa jamii za asili za Australia na wa familia zilizohamia kutoka Afrika na Asia. Melbourne ilimtaka, naye alikuwa nyumbani. Lakini kanuni ya mwaka huo ilizuia klabu kulinganisha dau, yaani kulipa pointi za nafasi hiyo na kumchukua, kwa mtoto wa akademia ya aina hiyo akitajwa ndani ya 20 bora. Mtoto wa nyota wa zamani alilindwa, mtoto wa wahamiaji hakulindwa, kwa sababu tu alikuwa na kipaji kikubwa mno. Andrew amestawi Gold Coast na 2024 alisaini mkataba mrefu, lakini kufanikiwa kwake hakuifanyi kanuni ile kuwa ya haki. Ligi imeilegeza tangu hapo: kwenye drafti ya 2024 Essendon iliweza kumlinda Isaac Kako wa akademia yake kwenye nafasi ya 13. Pia mwaka 2025 punguzo lilishuka hadi asilimia 10. Ni hatua sahihi, na ilichelewa.

Kifungo chenyewe ndicho ninachokiona kizito zaidi. Uhuru wa kuondoka mkataba ukiisha bila klabu yako kulipwa chochote na klabu mpya ulianza mwisho wa msimu wa 2012. Sharti ni miaka 8 ndani ya klabu moja. Na kama uko kwenye robo ya juu ya wanaolipwa zaidi klabuni, klabu inaweza kulinganisha dau, yaani kukupa malipo yaleyale, na kukuzuia. Aliyeanza na miaka 18 anafika hapo na miaka 26. Lance Franklin alifika, akatoka Hawthorn kwenda Sydney 2013 kwa mkataba wa miaka 9 wenye thamani ya takriban dola milioni 10. Ni wachache wa aina yake. Wengi wanaoingia kwa drafti hutemwa kabla ya mwaka wa 8, na wengine mwili unawatema.

Mtazame Alex Johnson wa Sydney. Bingwa wa 2012 akiwa bado kijana, kisha ligamenti ya goti la kushoto. Upasuaji mmoja wa kujenga ligamenti upya huchukua karibu mwaka mzima wa kupona. Yeye alijengwa goti hilo mara tano. Alirudi uwanjani Agosti 2018, na katika mechi yake ya pili goti la kulia likakatika. Tom Boyd, aliyechaguliwa wa kwanza 2013, alihamia Western Bulldogs baada ya msimu mmoja kwa mkataba wa miaka 7 wa takriban dola milioni 7, akafunga mara tatu kwenye fainali ya 2016, na 2019 akastaafu akiwa na miaka 23, akiacha fedha zilizobaki, baada ya kusumbuliwa na mgongo na afya ya akili.

Kisha kichwa. Septemba 2023 Angus Brayshaw wa Melbourne alipiga mpira, na Brayden Maynard wa Collingwood akaruka mbele kuuzuia. Bega lake likatua kichwani mwa Brayshaw, akazimia palepale. Februari 2024 alistaafu kwa ushauri wa madaktari, akiwa na miaka 28. Shane Tuck, aliyekuwa Richmond, alifariki 2020 akiwa na miaka 38, na ubongo wake ulikutwa na uharibifu mkubwa wa aina ile inayotokana na mapigo ya kichwa yanayojirudia. Machi 2023 Max Rooke, bingwa wa zamani na Geelong, aliongoza kesi ya pamoja dhidi ya ligi kwenye Mahakama Kuu ya Victoria.

Aliir Aliir, aliyezaliwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, ni beki ambaye thamani yake iko kwenye kitu kilekile kinachomweka hatarini. Kazi yake ni kumwacha mshambuliaji anayemkaba, kusoma mpira mrefu unaposhuka, kisha kukimbia na kuruka akiudaka huku macho yake yakiwa juu. Hamwoni anayekuja kutoka upande wa pili. Julai 2023, dhidi ya Adelaide, aliyekuja alikuwa mwenzake wa Port Adelaide, Lachie Jones, na vichwa vikagongana. Aliir alirudishwa uwanjani bila kufanyiwa kipimo kamili cha mtikisiko wa ubongo. Angepimwa na kukutwa nao, kanuni ingemweka nje siku 12 kwa uchache. Ligi iliitoza klabu faini ya dola 100,000, nusu ikiahirishwa.

Katika kazi ambayo goti au ubongo unaweza kuikata wakati wowote, miaka 8 ya kusubiri ni sehemu kubwa ya maisha yote ya kikazi, na kwa wengi ni zaidi ya yote. Klabu zitasema zikipunguziwa muda huo hazitakuwa na sababu ya kulea vijana. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama mchezaji angeondoka bure, lakini ligi tayari huipa klabu iliyopoteza mchezaji huru nafasi ya drafti kama fidia. Miaka 6 ingempeleka kijana sokoni akiwa na miaka 24, klabu ikiwa imeshapata mikataba miwili au mitatu kutoka kwake. Haki ya klabu kulinganisha dau la wanaolipwa zaidi nayo iondolewe, kwa sababu kikomo cha mishahara tayari kinazuia tajiri kuwakusanya. Wako wanaotaka pia umri wa kuingia upandishwe hadi 19. Ningeunga mkono kwa sharti kwamba mwaka huo mmoja usiongezwe juu ya ile ya kusubiri.

Makubaliano ya sasa yanaisha 2027. Mwaka unaofuata, kwa mpango uliopo, Tasmania inaingia kama klabu ya 19, na kama ilivyokuwa kwa Gold Coast na Greater Western Sydney, itapewa zamu nyingi za mwanzo kujenga kikosi. Vijana wengi wa Perth, Adelaide na Melbourne wataambiwa waende Hobart, mji mkuu wa Tasmania. Miaka watakayofungwa huko itakuwa imeamuliwa tayari kwenye meza ya 2027, wengi wao wakiwa bado shule.